Jinsi ya Kutengeneza Jedwali la Nondo Ndani ya Mchoro wa Kihandisi kwa AutoCAD

Jedwali la nondo ndilo sehemu ya mchoro wa msingi inayoguswa na vidole vingi kuliko nyingine yoyote. Fundi nondo hukata kwa kulifuata, mkadiriaji majenzi huchukua humo kilo za kuweka kwenye makadirio, na mwenye jengo, hata kama hawezi kusoma mkato wa nguzo, husoma jumla iliyoandikwa chini na kwenda nayo dukani. Huku Nyanda za Juu Kusini, ambako nondo nyingi hupandishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 800 hadi Mbeya na mlima Kitonga ukiwa njiani, tarakimu moja iliyokosewa katika jedwali inaweza kusimamisha kazi kwa siku kadhaa huku mafundi wakisubiri. Mwongozo huu nimewaandikia wachoraji vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe ambao wanachora kuta na nguzo kwa ustadi, lakini wakifika kwenye jedwali huchora mistari kumi na miwili, wakainakili, kisha wakapachika maandishi moja moja katikati ya mistari hiyo.

Mimi pia nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa. Katika mchoro wa jengo dogo wilayani Rungwe, nguzo ziliongezwa kutoka 10 hadi 12 baada ya veranda kupanuliwa. Nilirekebisha ramani ya msingi, nikarekebisha idadi ya nguzo katika jedwali, lakini tarakimu ya jumla iliyokuwa pembeni yake nikaisahau, kwa kuwa ilikuwa maandishi yanayojitegemea na hayakufungamana kwa namna yoyote na idadi niliyoibadilisha. Fundi mkuu, mzee aliyefunga nondo kabla sijaanza shule, alinipigia simu akanieleza kwa upole kwamba orodha ilisema nondo 40 za milimita 16, ilhali kwa nguzo alizozihesabu chini zilihitajika 48. Tangu siku hiyo sijaandika jumla kwa mkono ndani ya mchoro wowote.

Nitatumia AutoCAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kompyuta za ofisi nyingi ninazozifahamu. Amri ya TABLE ililetwa katika toleo la AutoCAD 2005, kwa hiyo hata mwenye kompyuta ya zamani kiasi anaweza kufuata sehemu kubwa ya maelezo haya. BricsCAD na ZWCAD zina amri yenye jina hilohilo, na anayetumia FreeCAD hujaza lahajedwali la programu hiyo kisha akaliweka kwenye ukurasa wa mchoro.

Amua kwanza jedwali litakaa wapi

Mchoro wa AutoCAD una pande mbili: upande wa modeli, ambako jengo huchorwa kwa vipimo vyake halisi, na upande wa leiauti, ambao ni karatasi yenyewe. Ushauri wangu ni kwamba jedwali likae kwenye leiauti. Huko milimita moja ya mchoro ni milimita moja ya karatasi, kwa hiyo herufi uliyoipa kimo cha 3.5 itachapishwa ikiwa na milimita 3.5. Ukiliweka upande wa modeli, na mchoro ukachapishwa kwa skeli ya 1:50, herufi hiyohiyo italazimika kupewa kimo cha 175, na siku skeli itakapobadilishwa kuwa 1:100 jedwali lote litasinyaa nusu.

Kimo cha herufi nacho kiamuliwe kwa kufikiria karatasi itakayofika saiti. Kiwango cha kimataifa cha maandishi ya michoro, ISO 3098, kinatumia vimo vya milimita 2.5, 3.5, 5, 7 na kuendelea. Kwenye karatasi ya A1 milimita 2.5 zinasomeka vizuri. Hata hivyo, michoro mingi inayofika mikononi mwa mafundi wetu huwa imepunguzwa kutoka A1 hadi A3 ili ichapishwe kwenye mashine ya kawaida ya duka la steshenari, na upunguzaji huo hukata kila urefu nusu. Herufi ya milimita 2.5 inabaki na 1.25, na fundi aliyesimama kwenye mtaro wakati wa ukungu wa asubuhi ya Julai hataweza kutofautisha 6 na 8. Kwa hiyo mimi hutumia 3.5 kwa data na 5 kwa kichwa cha jedwali, na ninapojua tangu mwanzo kwamba mchoro utasomwa kwenye A3, naipanga leiauti yenyewe iwe A3.

Tengeneza mtindo wa jedwali kabla ya jedwali

Andika TABLESTYLE kwenye mstari wa amri, bonyeza Enter, kisha unda mtindo mpya kutokana na ule ulioandikwa Standard. Mtindo wa Standard katika faili la milimita huja na herufi za 4.5 kwa data na 6 kwa kichwa, vimo ambavyo havilingani na maandishi mengine ya mchoro wako, na ndiyo maana majedwali mengi huonekana kana kwamba yamebandikwa kutoka kwenye mchoro wa mtu mwingine. Mtindo una aina tatu za seli: Title kwa kichwa cha jedwali, Header kwa majina ya safu wima, na Data kwa tarakimu zenyewe. Kila moja ipangiwe kimo chake cha herufi, ulalo wake na mipaka yake.

Ukikuta sehemu ya kimo cha herufi imefifia na haikubali kuandikwa, sababu yake karibu kila mara ni kwamba mtindo wa maandishi ulioutumia umepewa kimo maalumu. Fungua mtindo huo wa maandishi, weka kimo chake kuwa 0, nawe utaruhusiwa kuweka kimo kwenye mtindo wa jedwali.

Mipaka huwasumbua wengi. Ndani ya dirisha la mtindo, unene wa mstari huchaguliwa kwanza, kisha ndipo unabofya kitufe kinachoonyesha ni mipaka ipi ipewe unene huo. Ukichagua unene na kufunga dirisha bila kubofya kitufe hicho, hakuna kitakachobadilika. Weka milimita 0.5 kwa mipaka ya nje na 0.25 kwa ya ndani. Mistari ya ndani iwe myembamba kwa sababu kazi yake ni kuliongoza jicho tu, na mistari minene mingi kwenye karatasi iliyopunguzwa huyameza maandishi.

Katika dirisha hilohilo kuna mahali pa kuchagua mwelekeo wa jedwali, kwenda chini au kwenda juu. Jedwali la nondo huenda chini. Jedwali la marekebisho, ambalo hukaa juu ya kisanduku cha utambulisho kwenye kona ya chini kulia, huelekezwa juu, ili kila marekebisho mapya yaongezwe juu ya yaliyotangulia pasipo kulisogeza jedwali lote. Orodha ya vipuri katika michoro ya mashine, inapowekwa juu ya kisanduku hicho, nayo hupandishwa kwa sababu hiyohiyo.

Ingiza jedwali na ulijaze

Fungua leya, yaani tabaka la mchoro, maalumu ya majedwali, iwe ndiyo inayotumika, kisha andika TABLE. Chagua mtindo wako, chagua kuanza na jedwali tupu, halafu taja idadi ya safu wima na safu mlalo. Idadi ya safu mlalo unayoitaja ni ya data pekee. Kichwa na majina ya safu huongezwa juu yake. Upana wa safu usikusumbue sasa, kwa kuwa utaurekebisha baadaye kwa kuvuta vishikizo vinavyotokea jedwali linapochaguliwa.

Tuchukue mfano wa jengo lenye nguzo 12, kila nguzo ikikaa juu ya kitako cha zege cha milimita 1200 kwa 1200. Safu wima ziwe tisa, nazo programu itazitambua kwa herufi A hadi I: alama ya nondo, sehemu ya jengo, kipenyo, idadi ya sehemu, nondo katika kila sehemu, jumla ya nondo, urefu wa moja kwa milimita, namba ya umbo, na uzito kwa kilo. Kwa kuwa kichwa kinachukua safu mlalo ya 1 na majina ya safu yanachukua ya 2, data huanzia ya 3.

Safu mlalo ya 3 ni nondo za kitako: kipenyo 12, vitako 12, nondo 18 kwa kila kitako, yaani 9 kila upande, urefu 1100, umbo 00 ambalo katika kiwango cha Uingereza cha BS 8666 ni nondo iliyonyooka. Ya 4 ni nondo za kuanzia nguzo: kipenyo 16, nguzo 12, nondo 4 kwa kila nguzo, urefu 1500, umbo 11 lenye mkunjo mmoja. Ya 5 ni ringi, yaani nondo nyembamba zinazozizunguka na kuzifunga nondo za nguzo: kipenyo 8, nguzo 12, ringi 20 kwa kila nguzo, urefu 925, umbo 51. Urefu wote umeandikwa kwa vizidishi vya 25 kwa sababu kiwango hicho kinataka urefu wa kukatia ukadiriwe kwenda juu hadi kizidishi cha karibu cha milimita 25.

Ukiwa ndani ya seli, kitufe cha Tab hukupeleka seli inayofuata, na ukikibonyeza ukiwa seli ya mwisho kabisa, safu mlalo mpya huongezeka yenyewe. Ukitaka kushuka mstari ndani ya seli ileile, shikilia Alt unapobonyeza Enter.

Fomula, na mtego uliomo ndani yake

Bofya seli ya F3 na uandike =D3*E3. Itatokea 216. Kwenye I3 andika =F3*G3/1000*C3^2/162, ambayo inazidisha idadi kwa urefu wa mita na kwa uzito wa mita moja. Mraba wa kipenyo ukigawanywa kwa 162 ndio uzito wa mita moja ya nondo kwa kilo. Namba hiyo inatokana na uzito wa chuma, kilo 7850 kwa kila mita ya ujazo, na fundi nondo wengi wa zamani wanaijua kwa kichwa. Kisha chagua seli ya F3, vuta kishikizo chenye umbo la almasi kilicho kwenye kona yake, nazo safu za 4 na 5 zitajazwa, fomula ikijirekebisha kufuata safu mlalo iliyomo; fanya vivyo hivyo kwa I3. Chini, kwenye I6, andika =Sum(I3:I5).

Utapata kilo 211.2 za nondo za milimita 12, kilo 113.8 za milimita 16, na kilo 87.7 za milimita 8, jumla 412.7. Panga mwonekano wa seli hizo uwe wa desimali moja, vinginevyo programu itakuandikia tarakimu nne baada ya nukta, nazo zinaleta picha ya usahihi ambao hakuna mizani ya dukani inayoweza kuutoa. Sasa badilisha idadi iliyo kwenye D3, D4 na D5 kutoka 12 kuwa 14 na utazame jumla yote ikisogea pamoja nayo. Kama ningekuwa na jedwali hili kwa lile jengo la Rungwe, yule mzee asingelazimika kunipigia simu.

Mtego ni huu, na naomba usomwe kwa makini. Fomula za kuzidisha na kugawanya hukuonya zinapokutana na seli tupu au yenye maandishi: badala ya jibu, alama za # hutokea. Fomula ya Sum haikuonyi. Ikikuta seli ambayo haiielewi kuwa namba, huiruka kimyakimya na kujumlisha zilizobaki. Mtu akiandika kwa mkono "113.8 kg" ndani ya I4, jumla itatoka 298.9, itapendeza machoni, nayo itakuwa pungufu kwa nondo zote za nguzo. Kwa hiyo vizio vikae kwenye majina ya safu, milimita juu ya kipenyo na kilo juu ya uzito, na ndani ya seli iwe namba tupu. Usiandike Y12 wala T12 kwenye safu ya kipenyo. Aina ya chuma ipewe safu yake au itajwe kwenye maelezo ya chini. Usiweke mkato wa elfu. Na kila unapoongeza safu mlalo, ifungue seli ya jumla uone kama safu mpya imo ndani ya mipaka ya fomula.

Namba zenye mandharinyuma ya kijivu kwenye kioo ndizo zinazotokana na fomula. Rangi hiyo haichapishwi. Hutumika vizuri kama ukaguzi: seli ya jumla isiyo na kijivu imeandikwa kwa mkono, na anayekagua mchoro aiulize.

Kuna jambo moja ambalo fomula hizi haziwezi kulijua, nalo ndilo linalomgusa mwenye jengo moja kwa moja. Nondo huuzwa kwa vipande vya mita 12. Mita zote za nondo za kitako ni 237.6, na ukigawanya kwa 12 utapata 19.8, kwa hiyo mtu atanunua 20. Lakini kipande kimoja cha mita 12 hutoa nondo 10 tu za mita 1.1, masalia ya mita moja hayatoshi nondo nyingine, na nondo 216 zinahitaji vipande 22. Ringi nazo, mita 222 zingeonekana kutosheka na vipande 19, ilhali kila kipande hutoa ringi 12 na hivyo vinahitajika 20. Ninapochora kwa ajili ya mjenzi binafsi anayenunua mwenyewe, kama walivyo wengi huku kwetu, naongeza safu ya vipande vya kununua na kuijaza kwa hesabu hii ya ukataji, si kwa mgawanyo wa mita. Hii ndiyo safu pekee ya majibu ya hesabu ninayoijaza kwa mkono, na kwa sababu hiyo hukaguliwa mara mbili.

Data inayotoka kwingine

Ikiwa mkadiriaji majenzi amekwisha kuandaa orodha kwenye Excel, hakuna haja ya kuiandika upya. Amri ya DATALINK huunganisha jedwali la mchoro na faili la Excel, mradi Excel iwe imewekwa kwenye kompyuta hiyo, na faili likibadilishwa unaliamuru jedwali lijisasishe kwa DATALINKUPDATE. Kiungo hicho hutegemea mahali faili lilipo. Ukibeba mchoro peke yake kwenye flashi kutoka Iringa hadi Mafinga na kuliacha faili la Excel ofisini, jedwali litaonekana, lakini litabaki na data ya zamani. Tumia ETRANSMIT, ambayo hukusanya mchoro na mafaili yake yote pamoja.

Kwa milango na madirisha, amri ya DATAEXTRACTION huhesabu bloku, yaani vichoro vilivyohifadhiwa kama kitu kimoja ili virudiwe, zilizomo kwenye mchoro na kuzipanga katika jedwali pamoja na taarifa ulizofunga ndani ya kila bloku, kama upana, kimo na aina ya mbao. Inafaa sana kwa shule na zahanati zenye madirisha mengi yanayofanana. Angalia tu kwamba bloku uliyoiweka pembeni kama mfano wa alama nayo itahesabiwa, hivyo dirisha moja huongezeka pasipokuwapo ukutani. Chagua eneo la jengo peke yake unapoulizwa nini kihesabiwe.

Jedwali likiwa refu kuliko karatasi, fungua sifa zake na uruhusu likatwe, kisha uruhusu majina ya safu yarudiwe juu ya kila kipande. Usilipasue kwa amri ya EXPLODE hata kama linakusumbua kulipanga, kwa kuwa litageuka mistari na maandishi matupu, na fomula zote zitapotea. Anayehitaji tarakimu nje ya mchoro apewe faili la CSV linalotolewa na TABLEEXPORT.

Kabla ya kuutoa mchoro

Toa PDF na uipeleke hiyo kuchapishwa, kwa maana kompyuta ya duka la steshenari isipokuwa na fonti yako itaweka nyingine, na maandishi yatavuka mipaka ya seli. Chapisha nakala moja ya A3, pima herufi kwa rula, kisha mpe mwenzako nakala hiyo na kikokotoo ajumlishe safu ya uzito kutoka kwenye karatasi, bila kutazama kompyuta. Jibu lake likilingana na la I6, weka tarehe na herufi ya toleo kwenye kisanduku cha utambulisho, na nakala zote za toleo lililotangulia zikusanywe kutoka saiti siku hiyohiyo.